Mama Yangu Huenda ‘Beach’, Lakini Haoti Jua

Hebu nikuulize. Ukisikia kwamba mama wa mtu fulani huenda ‘beach’ kila siku alfajiri, picha gani hukujia akilini? Kama wewe ni mkazi wa Mombasa, huenda ukaona mchanga mweupe na watalii waliojilaza kuota jua. Lakini kama wewe ni wa Homa Bay, Mbita au Kendu Bay, unanusa omena.

Naam, kwetu ‘beach’ ni mahali mashua hufika asubuhi baada ya wavuvi kukesha ziwani na taa zao. Ndipo akina mama hugombania samaki, hupima omena kwa gorogoro na kuwaanika juu ya nyavu kuukuu. Kuna matope, kelele na madeni. Hata tukizungumza Kijaluo, ambacho kina neno lake la asili, yaani wath, wengi wetu husema tu ‘bich’, na hakuna anayeuliza maana.

Nikisomea diploma ya uanahabari, niliandika makala kwa Kiingereza kumhusu mama. Sentensi ya kwanza ilisema kuwa yeye huenda ‘beach’ saa kumi na moja alfajiri ili mimi nipate karo. Mhadhiri aliisoma kwa sauti mbele ya darasa, akatua, kisha akauliza iwapo mama yangu ni mtalii. Darasa zima liliangua kicheko. Neno langu likapigwa mstari mwekundu, na juu yake pakaandikwa maneno marefu ya kitaalamu yenye maana ya kituo cha kupokelea samaki.

Mimi pia nilicheka. Hilo ndilo linaloniuma hadi leo.

Siku ya kufuzu, rafiki zangu walimuuliza mama anafanya kazi gani. Alijibu kwa Kiingereza chake cha darasa la saba kwamba kazi yake iko ‘beach’. Kabla hajamaliza nilimkatiza, nikayataja yale maneno ya mhadhiri. Mama akanyamaza. Tukiwa ndani ya basi kurudi nyumbani aliniuliza polepole, “Mwanangu, pale mahali ulipotaja ni wapi? Mimi sijawahi kufanya kazi huko.”

Sikuwa na jibu, na aibu ikanifanya nianze kuchunguza. Kumbe wakati huo serikali yetu ilikuwa tayari imetoa kanuni za uvuvi za mwaka 2007 kuhusu ‘Beach Management Units’, yaani vikundi vya wavuvi, wenye mashua na wachuuzi vinavyosimamia mahali hapo hapo pa kupokelea samaki. Neno lililonifedhehesha limo katika sheria za Kenya!

Si hilo tu. Karo ile haikutoka kwenye samaki pekee, bali pia katika chama cha akina mama cha kuchangiana pesa kwa zamu, ambacho sisi huita nyoluoro na Wakenya wengine huita ‘merry-go-round’. Kwa Mwingereza hiyo ni bembea ya watoto yenye farasi wa mbao. Hata hivyo, mwaka 2022 kamusi kubwa ya Oxford iliipokea maana yetu, pamoja na ‘nyama choma’, ‘kitu kidogo’ na ‘tarmac’ kwa maana ya kuzunguka mjini ukitafuta kazi. (Hiyo ya mwisho ningeweza kuwaeleza vizuri zaidi ya mtu yeyote, maana nilizunguka miaka miwili.)

Tena Waingereza wenyewe wana makosa yao waliyoyaoa kwa ndoa halali. Aproni ambayo mama hujifunga akiuza samaki iliitwa zamani ‘napron’. Watu waliposikia ‘a napron’ walidhani ni ‘an apron’, wakakosea wote pamoja, na leo hakuna mwalimu awezaye kulirudisha neno la zamani.

Msomaji, sisemi kwamba kila kinachotoka kinywani kipite. Tuna wenzetu wengi wanaosema ‘borrow me your pen’ wakitaka kupewa kalamu, nadhani kwa sababu katika Kiswahili ‘azima’ hubeba maana zote mbili. Hilo mimi bado naliita kosa, kwani Kiingereza kina neno lake la kazi hiyo na halimpotezi mtu yeyote. Lakini ‘beach’ ya kwetu haina mbadala ambao mama yangu angeutambua. Neno linapoeleweka na mvuvi, mchuuzi, chifu na wakili kwa maana moja, kulikataa ni kumkataa anayelitumia. Aidha, ugumu upo, kwani anayesahihisha mtihani huenda hajawahi kuliona Ziwa Victoria.

Majuzi binti ya kaka yangu, aliye sekondari, aliniletea insha ya Kiingereza nimkague. Ilimhusu nyanya yake, na lile neno lilikuwa mstari wa pili. Kalamu ilinitetemeka kidogo mkononi.

“Shangazi, nimekosea?” akauliza.

Nilimwambia asilifute, ila aongeze sentensi moja kueleza mashua, nyavu na harufu. Akaongeza tatu. Kisha akamsomea nyanya yake, akimfasiria kwa Kijaluo, na alipofika kwenye ‘beach’ hakuhitaji kufasiri. Mama alinitupia jicho, akaendelea kuchambua omena wake.