Kabla ya Kusoma T, Angalia C

Wadau, leo sina skiti. Leo hakuna kuigiza mum akikupata umelala saa nne asubuhi na ng'ombe hawajapewa nyasi. Leo naomba msamaha, halafu nawaeleza kitu, na nikimaliza mnaweza kuniambia kama nimekosea tena.

Wengi wenu mlinifuata kwa sababu ya ile vidio ya misuli. Ndiyo imetazamwa kuliko zote nilizowahi kuposti. Wiki iliyopita niliitoa, na tangu hapo mnauliza kwa komenti imeenda wapi. Jibu ni hili.

Kwa wageni: mimi ni yule kijana wa Kaaga aliyeacha chuo mwaka wa pili. Nilikuwa nasomea kazi ya maabara ya hospitali. Karo ikakwama, nikarudi nyumbani, nikaanza kupiga vidio na simu ya mum. Watu husema nusu ya masomo ni afadhali kuliko kukosa kabisa. Mimi nimejua hiyo nusu inaweza kuumiza mtu.

Iko hivi. Anti yangu, mdogo wa mum, ameolewa upande wa Maua. Kijana wake ana miaka tisa. Alianza kuanguka-anguka akiwa mdogo. Akiwa chini hainuki kama watoto wengine: anashika magoti, halafu mikono inapanda mapaja yake mwenyewe polepole, kama mtu anayepanda ngazi, hadi asimame. Na mashavu ya miguu yake yamejaa kama ya mchezaji wa mpira. Wajomba walikuwa wanamsifu, ati huyu atachezea Harambee Stars. Kumbe haikuwa nguvu. Ni mafuta na makovu yanayochukua nafasi ya msuli unaokufa.

Baada ya maombi mengi, na mambo mengine ambayo familia haitaki nitaje, walifika hospitali. Damu ikaonyesha misuli inaharibika na kuvuja. Daktari akashuku Duchenne, ugonjwa uliopewa jina la daktari mmoja Mfaransa wa karne ya 19. Akasema kipande cha msuli kitolewe, kipelekwe Nairobi.

Mimi sikungoja Nairobi. Nilikumbuka noti zangu za chuo, nikawasha simu, nikaeleza kwa dakika moja na nusu: ugonjwa huu huwapata karibu wavulana pekee, na hutoka kwa mama. Juu nikaandika kwa herufi kubwa, MAMA NDIYE HUPITISHA. Sikutaja jina. Lakini nyinyi mnajua Meru. Ilifika kwa grupu ya WhatsApp ya wakwe zake kabla hata sijaoga.

Siku kadhaa baadaye anti alishuka matatu, akapanda boda hadi Kaaga. Mum akapika chai. Anti hakupiga kelele. Alikunywa chai yote, akaweka kikombe chini, akaniangalia.

"Kijana wa dada yangu, nakuuliza kitu kimoja tu. Wewe ulinipima lini?"

Manze, sikuwa na jibu. Akaniambia mama mkwe ameanza kusema walioa shida. Akaniambia shosho, mama yao, halali vizuri. Anajiuliza kama yeye ndiye aliyeanzisha. Na mum wangu alikuwa amekaa hapo hapo anasikia, kwa sababu kama ni damu ya shosho, basi inaweza kuwa ya mum pia, na ya dada zangu. Sikuwa nimefikiria hata hiyo.

Halafu akatoa bahasha ya kaki. Majibu ya Nairobi yalikuwa yamekuja. "Si wewe ndiwe daktari wa intaneti? Soma."

Wacha niwaeleze nilichosoma, kwa sababu safari hii nilisoma polepole.

Kwenye msuli kuna protini inaitwa distrofini. Wanasayansi waliitambua na kuipa jina mwaka wa 1987. Inakaa chini ya ngozi ya kila uzi wa msuli na kuushikilia usipasuke unapovutwa. Hiyo ndiyo hukosekana kwa Duchenne. Lakini hata ukiwa na hadubini huwezi kuiona hivi hivi. Kwa hivyo msuli unagandishwa haraka, unakatwa kipande chembamba sana, kama sehemu moja ya mia ya milimita, halafu unawekewa kingamwili.

Kingamwili ni silaha ambayo mwili hutengeneza kushika kitu kimoja na kuacha vingine. Ukimdunga panya au sungura ile protini, mwili wake unatengeneza kingamwili za kuishika. Mwaka wa 1975, Georges Köhler na César Milstein kule Cambridge walipata njia ya kufanya seli zitoe kingamwili ya aina moja tu bila kukoma. Walipata tuzo ya Nobel mwaka wa 1984. Kwa kipande cha msuli, kingamwili ya kwanza inashika distrofini. Ya pili inashika ile ya kwanza, na ndiyo imebeba rangi. Mara nyingi hiyo ya pili imetoka kwa mbuzi. Ndiyo, mbuzi. Sisi tunajua mbuzi wa mahari, kumbe kuna wa maabara.

Msuli mzima ukiuangalia ni kama fungu la miwa iliyokatwa, na kila muwa una pete ya rangi pande zote. Kwa Duchenne, pete hazipo.

Ripoti ya binamu yangu ilianza hivyo: distrofini haipo. Mimi wa zamani ningefunga bahasha hapo na kuwasha simu. Lakini kulikuwa na mistari miwili chini. Wa kwanza ulisema spektrini ipo. Hiyo ni protini nyingine ya pale pale kwa ngozi ya uzi. Wa pili ulisema msuli wa mtu asiye mgonjwa, uliopakwa siku hiyo hiyo kwa dawa hiyo hiyo, umeonyesha pete vizuri.

Hapo ndipo nilishtuka. Kwa sababu pete zinaweza kukosekana kwa njia nyingi. Labda stima ilipotea na friji ikapata joto, kingamwili ikaharibika. Labda kipande hakikugandishwa vizuri, ngozi za nyuzi zikachanika. Labda mtu alisahau hatua moja. Na kuna kingamwili zinazouzwa ambazo hushika protini isiyo yake. Wanasayansi wamelalamika kuhusu hilo kwa miaka. Ndiyo maana vichupa vingi vimeandikwa ni vya utafiti tu, si vya kupima mgonjwa. Bila ile mistari miwili, "haipo" inaweza kumaanisha "hatukuiona". Na hayo ni mambo mawili tofauti kabisa.

Hata wewe unajua hii kitu. Umewahi kushika kile kipimo cha mimba, cha malaria au cha korona? Nacho hutumia kingamwili. Kina T na C. Sisi wote macho hukimbilia T. Lakini C ndiyo inakuambia kipimo kimefanya kazi. C isipotokea, T haina maana, tupa, anza upya.

Vidio yangu haikuwa na C.

Na kuna kitu kingine. Kingamwili hujibu swali moja. Ripoti ilisema mtoto hana distrofini. Haikusema imepotelea wapi. Ni kweli jeni yake iko kwa kromosomu X, na mara nyingi mama huwa amebeba hitilafu bila kuumwa. Lakini karibu thuluthi moja ya watoto hawa, hitilafu ni mpya. Imeanza kwa mtoto mwenyewe, mama akipimwa damu hana. Hiyo thuluthi nayo ilikuwa kwa noti zangu. Niliiacha kwa sababu ilikuwa inaharibu herufi kubwa.

Na hata kama ni mama, si kosa. Hakuna mtu huchagua kromosomu. Hii nilipaswa kusema kwanza, kabla ya kila kitu.

Nilimsomea anti mistari yote mitatu, mara mbili. Alilia kidogo, halafu akauliza mambo ya maana kuniliko: tunafanya nini kesho? Daktari alikuwa ameeleza hakuna tiba ya kumaliza, lakini kuna dawa za steroidi za kupunguza kasi, na mazoezi ya kunyoosha miguu. Kijana ameanza. Anatembea bado. Hizi siku nikienda Maua mimi ndiye namnyoosha, na ananitukana vizuri sana.

Kabla ya kuondoka siku hiyo, nilimwambia anti kwamba kuna kipimo cha jeni, angeweza kujua. Akajifunga leso, akasema, "Nitapima nikitaka mimi." Nikanyamaza. Niliposti vidio nyingine kwa grupu ile ile ya wakwe, nikisema nilikosea wapi. Haikusambaa hata robo ya ile ya kwanza. Mama mkwe ameitazama, hajajibu.

Hii posti anti ameisoma kabla yenu na amekubali itoke. Komenti ziko wazi, nitukaneni mkitaka, nimestahili. Lakini ukiuliza kama amepimwa, nafuta.