Jalada la Ngozi kutoka Obokote

Msafiri anayeiendea Kindu kutoka upande wa Kalima huukuta mto kwanza, ndipo auone mji. Barabara humfikisha Alunguli, ukingo wa mashariki, na hapo hana budi kusimama, kwa maana mbele yake yametanda maji mapana ya Lualaba. Ng'ambo ya pili ndiko kwenye bandari, kituo cha reli iendayo kusini, masoko na makanisa. Watu, baiskeli, magunia ya mpunga na madumu ya mawese, vyote huvushwa kwa mitumbwi, na wapiga makasia huimba au hugombana kadiri ya hali ya maji.

Mimi nilivuka siku moja ya mwezi wa Oktoba, mwaka jana. Mfukoni nilikuwa na daftari la shule, lile la bei ndogo lenye jalada la karatasi. Ndani yake mlikuwa na majina 31. Mama yangu aliniandikisha majina hayo kabla hajafariki: wazazi wake, ndugu zake, watoto aliowazika, na wale waliokufa msituni wakati wa vita, wasio na kaburi lijulikanalo. Kila mwaka, tarehe 2 Novemba, siku Kanisa linapowaombea marehemu wote, majina hayo husomwa nyumbani kwetu kabla ya kwenda Misa. Safari hii nilikuwa nikimpelekea mama mdogo, akaaye Obokote, ili aongeze wale aliowajua yeye.

Tulipofika katikati ya mto, mvua ilishuka kwa ghafula. Nilijikunyata, nikaubana mfuko kifuani, lakini maji ya juu na maji ya chini yalikutana ndani ya mtumbwi ule, nami nikawa baina yao. Nilipofungua daftari barazani kwa mama mdogo, kurasa zilikuwa zimegandamana, na maandishi yamekuwa mawingu ya buluu.

Mama mdogo hakunikemea. Alitandaza kurasa juu ya ungo karibu na jiko, akakaa kuzitazama kwa muda mrefu. Kisha akasema, "Mwanangu, karatasi ni kama mtoto mchanga. Haitolewi nje uchi." Kesho yake asubuhi akanielekeza kwa jirani yake, mzee fundi wa viatu.

KIBARAZANI KWA FUNDI

Fundi huyo hufanya kazi chini ya upenu wa nyumba yake. Mbele yake pana gogo la kukatia, kisu kilichonolewa hata kikawa chembamba, msharasi wa kutobolea, na bonge la nta ya nyuki.

"Tumsifu Yesu Kristo, Papa," nikamwamkia.

"Milele, amina. Karibu, mwana wangu. Kiatu kimekufa?"

Nikamweleza habari yangu. Akauliza neno moja tu: "Uliandika kwa wino gani?"

"Wino wa maji, Papa."

"Basi makosa ni mawili, la nguo na la wino. Mimi nitakusaidia kwa la nguo. La wino utalitengeneza mwenyewe: ununue kalamu ya risasi. Risasi haiyeyuki majini."

Akatoa kipande cha ngozi ya mbuzi, rangi ya kahawia, laini kama kitambaa kizito. Nikamwuliza kwa nini ngozi ya ngoma, iliyo ya mbuzi vilevile, huwa ngumu kama ubao. Akacheka. Ngozi ya ngoma, alinieleza, ni ngozi mbichi iliyokaushwa tu. Ikilowa hulegea, na ikikaa na maji huoza. Ngozi ya kazi kama hii lazima ipikwe bila moto. Kwanza hulowekwa siku kadhaa katika maji ya majivu hata manyoya yalegee, kisha hukwanguliwa pande zote mbili na kuoshwa sana. Baadaye hulazwa katika maji ya magome ya miti, yenye ukali ule ule unaokausha ulimi wa mtu alaye ndizi mbichi. Huanza na maji mepesi, halafu makali zaidi, kwa muda wa majuma mengi. Ukali huo huingia ndani ya ngozi na kuizuia isioze. Mwisho hupakwa mafuta, huanikwa kivulini, na kuvutwa-vutwa kwa mikono hata ilainike. "Mwenye haraka," alisema, "atapata ngozi ya juu iliyoiva na ya kati iliyo mbichi."

JINSI LINAVYOFANYWA

Nawaandikia jinsi alivyofanya, maana kazi hii yaweza kufanywa na baba yeyote mwenye mikono tulivu, au na vijana wa shule wakiongozwa.

Daftari letu lilikuwa na upana wa sentimeta 17 na urefu wa 22. Fundi alikata kipande kimoja cha ngozi chenye upana wa 38 na urefu wa 24: kurasa mbili zilizofunguliwa, sentimeta 2 za mgongo, na sentimeta 1 ya ziada kila upande. Alikata mara moja, kisu kikiegemea ubao ulionyoka, kwa kuwa ngozi haina kifutio.

Katikati ya mgongo, karibu na ukingo wa juu, alitoboa matundu mawili. Na chini vilevile mawili. Kisha alichukua mpira wa ndani wa gurudumu la baiskeli, akakata ukanda mwembamba, akaupitisha katika matundu hayo ili ulale upande wa ndani, kutoka juu hadi chini, mara mbili, akaufunga fundo. Hapo ndipo penye siri ya jalada hili. Daftari hufunguliwa katikati na kuingizwa chini ya mkanda wa mpira, nalo hukaa pale bila gundi wala uzi. Likijaa, hutolewa, na jipya huingia mahali pake. Mikanda miwili huchukua madaftari mawili: kwangu mimi, moja la majina na moja la safari.

Ndani ya jalada alishona mfuko mdogo wa kutilia kadi na barua. Kwanza alipima nafasi za mishono kwa kubonyeza meno ya uma juu ya ngozi, na kila alama akaitoboa kwa msharasi. Uzi aliusugua kwa nta, akautia sindano mbili, moja kila ncha. Katika kila tundu sindano zote mbili hupita, moja ikitoka kulia na nyingine kushoto. "Mshono wa mashine," alisema, "ukikatika mahali pamoja hufumuka wote. Huu wangu, uzi mmoja ukikatika, mwenzake hushika."

Mwisho alilowesha kingo kidogo, akazisugua kwa kipande cha mfupa hata zikang'aa, akapaka nta iliyoyeyushwa pamoja na mafuta kidogo ya mbarika, akaliweka jalada kivulini linywe. Alinionya pia: nta hufukuza matone ya mvua, lakini jalada likizama mtoni litalowa kama sisi sote. Na katika nchi yetu yenye unyevu, ngozi isiyopata hewa huota ukungu. Ifutwe kwa kitambaa kikavu, na isifungiwe sandukuni ikiwa mbichi.

MAKARATASI YA NYANGWE

Wakati tukingoja, tulizungumza juu ya Nyangwe, iliyoko kwenye mto huu huu, kusini ya Kindu. Huko ndiko David Livingstone, Mwingereza mwenye asili ya Scotland, alikokaa tangu mwisho wa Machi hadi Julai 1871. Madaftari yake yalikwisha, na wino pia. Basi akaandika juu ya kurasa za gazeti kuukuu la Uingereza la mwaka 1869, akipitisha maandishi yake juu ya yale yaliyochapwa, kwa wino alioutengeneza kwa rangi ya mmea.

Juu ya karatasi hizo dhaifu aliandika habari ya tarehe 15 Julai 1871. Siku hiyo soko la Nyangwe lilikuwa limejaa, wengi wao wanawake waliokuja kuuza vyakula. Watu wa msafara wa mfanyabiashara Dugumbe wakafyatua bunduki sokoni. Wengine walikufa kwa risasi, wengine walikufa maji wakijaribu kuogelea. Wafanyabiashara wenyewe walikadiria waliokufa kuwa kati ya 330 na 400. Habari hiyo ilipofika Ulaya iliamsha hasira, na mwezi wa Juni 1873 Sultani Barghash alitia sahihi mkataba wa kufunga soko la watumwa la Unguja.

Baadaye Livingstone alinakili habari zake katika kitabu kizuri zaidi, nacho kilichapwa mwaka 1874, baada ya kufa kwake. Yale makaratasi ya gazeti yalififia hata yasisomeke. Mwaka 2011 wataalamu walitangaza kwamba wameyasoma tena, kwa kuyapiga picha chini ya mianga ya rangi mbalimbali. Ndipo ilipoonekana kuwa katika kunakili aliyapunguza baadhi ya maneno makali aliyoyaandika juu ya watu wa msafara wake mwenyewe. Karatasi ya siku ile ile ilikuwa na ukweli ambao nakala safi iliufunika.

Nani aliyaokoa maandishi yake ya mwisho? Livingstone alipofariki kwa Chitambo, katika nchi iitwayo sasa Zambia, tarehe 1 Mei 1873, Chuma na Susi na wenzao waliuchukua mwili wake pamoja na vitu vyake hadi pwani. Jacob Wainwright, aliyejua kuandika, aliorodhesha kila kitu. Walifika Bagamoyo mwezi wa Februari 1874, na Mapadre wa Roho Mtakatifu wakaupokea mwili katika misheni yao, ingawa marehemu hakuwa wa Kanisa letu. Miezi ipatayo tisa ya mito, mvua na njaa, na maandishi yakafika makavu.

Fundi alisikiliza hadi mwisho. Kisha akauliza, "Na wale wanawake wa sokoni, majina yao yaliandikwa?"

Nikajibu kwamba hayakuandikwa. Akainamia kazi yake tena.

MAJINA YALIYOBAKI

Jioni ile mama mdogo na mimi tulikaa karibu na taa. Yeye alitaja, mimi nikaandika kwa kalamu ya risasi. Kati ya majina 31, aliyakumbuka 23. Manane yalikuwa ya watu ambao marehemu mama peke yake aliwajua. Nilizigeuza kurasa zile zilizokaushwa, nikaziinua mbele ya taa, lakini sikupata hata herufi moja. Mama mdogo akasema tuache mistari minane mitupu, tusiiruke. Kisha akaniongezea majina 12 ambayo sikuwahi kuyasikia.

Tarehe 2 Novemba tulisoma majina 35. Tulipofika kwenye mistari mitupu, mama mdogo alinyamaza kidogo katika kila mmoja, kisha sote tukasema: "Raha ya milele uwape, ee Bwana." Mungu anawajua, sisi ndio tuliowapoteza.

Wazazi wapenzi, simu zetu huandika mengi, lakini simu huibwa na moto wa betri huzimika. Chukueni daftari jioni hii, kabla wazee hawajalala. Andikeni majina ya waliozaliwa na waliokufa, tarehe zao na vijiji vyao, kwa kalamu ya risasi. Andikeni nakala ya pili na kuiweka katika nyumba nyingine. Na mwenye kwenda safari na alivishe daftari lake ngozi kabla ya kufika mtoni.