Vita vya Kwenye Mkanda na Mabomu ya Agosti

Jina la filamu ya Wag the Dog nililisikia redioni kabla sijaiona, tena nililisikia katikati ya habari za makombora. Ilikuwa Agosti 1998. Nilikuwa kijana, nauza duka la kukodisha mikanda ya video Kinondoni, Dar es Salaam. Wateja wetu walitaka picha za Kihindi, karate na vita, picha ambazo stelingi hafi. Mwezi ule wakaanza kuingia watu wazima ambao hawakuwahi kuazima mkanda kwetu, makarani na walimu wenye magazeti kwapani, wakiulizia picha moja ya siasa za Marekani ambayo haina hata mapigano.

Sababu yao ilianza Ijumaa ya tarehe 7. Kesho yake ilikuwa Nane Nane, na watu walikuwa na shamrashamra za sikukuu. Saa nne na nusu asubuhi ilikuwa imepita kidogo niliposikia mshindo. Mikanda ya rafu ya juu ilimwagika sakafuni na kioo cha kabati kikapata ufa kutoka pembe hadi pembe. Kwanza tulidhani transfoma imelipuka. Tulipotoka nje tuliona moshi mweusi ukipanda upande wa Barabara ya Ali Hassan Mwinyi, na muda si mrefu yakaanza kupita magari ya watu binafsi, taa zimewashwa mchana kweupe, honi hazikatiki, yakikimbiza majeruhi Muhimbili. Katika pikapu moja alikaa mwanamume aliyevaa tai, shati limelowa damu, ameshika uso wake kwa mikono miwili kana kwamba akiuachia utaanguka. Baadaye redio zikasema kuwa ubalozi wa Marekani umelipuliwa, na kwamba Nairobi nako umelipuliwa wa kwao, dakika chache kabla yetu.

Dar es Salaam walikufa watu 11. Lori la maji la ubalozi wa Marekani lilikuwa langoni na likalizuia gari lenye bomu lisiingie ndani. Bila hilo wangekufa wengi zaidi. Nairobi waliuawa watu 213, kati yao Wamarekani 12, na maelfu wakajeruhiwa. Jengo la Ufundi lililokuwa jirani na ubalozi liliporomoka lote. Watu wengi wa maofisini walipoteza macho kwa sababu kabla ya bomu lenyewe kulisikika mlipuko mdogo na milio ya risasi, wakakimbilia madirishani kuchungulia, na vioo vikawakuta wamesimama pale pale.

Siku kumi baadaye, tarehe 17, Rais Bill Clinton alihojiwa mbele ya baraza la mahakama na usiku akakiri kwenye televisheni kwamba alikuwa na uhusiano usiofaa na Monica Lewinsky. Tarehe 20 akaamuru makombora yarushwe Afghanistan, kwenye kambi za Osama bin Laden aliyetuhumiwa kupanga mabomu yale, na Khartoum, Sudan, kwenye kiwanda cha dawa cha Al-Shifa. Waandishi wa habari wakamuuliza Waziri wa Ulinzi, William Cohen, swali lililoizungusha filamu ile dunia nzima: je, haya hayafanani na Wag the Dog? Cohen alijibu kuwa sababu ilikuwa moja tu, wajibu wa kuwalinda Wamarekani dhidi ya ugaidi.

Filamu yenyewe, iliyoongozwa na Barry Levinson, ilianza kuonyeshwa Desemba 1997, wiki chache kabla kashfa ya Lewinsky haijalipuka. Ndani yake rais wa Marekani anatuhumiwa kumdhalilisha binti mdogo, na uchaguzi umebaki siku chache. Mtaalamu wa kuficha aibu za wakubwa, anayechezwa na Robert De Niro, anamfuata mtayarishaji wa sinema wa Hollywood, anayechezwa na Dustin Hoffman, wakae pamoja wabuni vita. Wanaichagua Albania kwa sababu Wamarekani hawaijui.

Tajiri wangu alipata kopi ya mkanda ule baada ya wiki kadhaa. Tuliufungulia dukani usiku, deki juu ya kaunta, watu wamejaa mpaka barazani, mimi nikieleza kwa Kiswahili pale Kiingereza kilipowapita wenzangu. Tukio ambalo mpaka leo naliona waziwazi ni la studio. Msichana mwigizaji amevishwa kama mkimbizi, anaambiwa akimbie huku amepakata mfuko wa chipsi za mahindi. Mafundi wa kompyuta wanaufuta ule mfuko na kumwekea paka mdogo mweupe mikononi. Wanamwongezea kijiji kinachoungua, daraja, ving'ora na vilio. Msichana anauliza kama ataruhusiwa kuitaja kazi hii kwenye wasifu wake wa uigizaji, naye anaambiwa kuwa akithubutu kusema neno, watu watakuja kumuua. Jioni ile ile picha inarushwa kwenye taarifa ya habari, na taifa zima linalia na paka ambaye hajawahi kuwepo.

Watu walicheka hadi wakashika mbavu. Mkanda ulipokwisha, mama mmoja wa mtaani kwetu, muuza maandazi, alibaki amekaa kwenye benchi. Mdogo wake alikuwa amepigwa na vioo siku ya bomu, jicho moja limekwenda. Akaniuliza, "Mwanangu, na sisi huku tuliwekwa na kompyuta?" Nikamwambia, "Hapana mama, ya kwetu yalitokea." Akasema, "Basi mbona watu wenu wanasema ni ile ile?"

Kwa miaka yote iliyopita nimekuwa nikimjibu mama yule moyoni mwangu, kwa sababu wenye kushuku hawakukosa hoja. Mwaka 1990, kabla ya Vita vya Ghuba, msichana wa Kuwait alitoa ushahidi mjini Washington kwamba askari wa Iraq waliwatoa watoto wachanga kwenye mashine za kuwatunzia na kuwaacha wafe sakafuni. Baadaye ikajulikana kuwa alikuwa binti wa balozi wa Kuwait nchini Marekani, na ushuhuda wake uliandaliwa kwa msaada wa kampuni ya kusafisha majina ya wateja; kisa cha mashine zile hakikuthibitishwa. Larry Beinhart, ambaye riwaya yake ndiyo chimbuko la filamu hii, aliandika kuhusu vita hivyo hivyo vya Ghuba. Na huko Khartoum, Marekani ilidai kiwanda cha Al-Shifa kinahusika na kemikali za silaha za sumu. Ushahidi uliotajwa ni sampuli ya udongo, na wataalamu wengi waliutilia shaka. Lililo wazi ni kwamba kiwanda kilikuwa kikiwatengenezea Wasudani sehemu kubwa ya dawa zao, za malaria zikiwamo, na kwamba mlinzi wa usiku aliuawa. Kejeli iliyotufundisha kuuliza nani anatengeneza picha tunayoonyeshwa, na kwa faida ya nani, ilitufanyia kazi ya heshima.

Lakini kijiweni swali lile liliota pembe. Watu waliacha kuuliza kuhusu makombora wakaanza kuuliza kuhusu mabomu yenyewe: labda Wamarekani wamejilipua, labda idadi ya maiti imeongezwa, labda yote ni sinema. Mwaka 2001 mahakama ya New York ilisikiliza ushahidi kwa miezi, ikawatia hatiani watu wanne, mmoja wao Mtanzania, wakafungwa maisha. Kijiweni hakuna aliyejali. Hata Marekani kwenyewe ule mzaha ulikuwa na gharama: tume iliyochunguza mashambulizi ya Septemba 11 iliandika mwaka 2004 kwamba tuhuma ya Wag the Dog, pamoja na kushindwa kwa makombora yale, uhasama wa vyama na udhaifu wa ushahidi wa Al-Shifa, huenda vilichangia maamuzi ya baadaye kuhusu kutumia nguvu dhidi ya bin Laden.

Mwaka 1999 NATO iliposhambulia Yugoslavia kwa ajili ya Kosovo, televisheni ya taifa ya Serbia iliirusha filamu hii kuwaonyesha watu kuwa vita vyote ni uzushi wa Marekani. Wakati huo huo Waalbania wa Kosovo kwa mamia ya maelfu walikuwa wakifukuzwa makwao, wakivuka mipaka na watoto mgongoni. Kejeli iliyotungwa kumvua nguo mwenye nguvu ikageuzwa kuwa nguo ya kumsitiri mwenye nguvu mwingine.

Hapo ndipo nilipoiona kasoro ya filamu ninayoipenda. Katika Albania yake hakuna Mwalbania hata mmoja mwenye jina na sauti. Vita vyake havina maiti, kwa hiyo mtazamaji hatakiwi kumlilia mtu. Four Lions ya Chris Morris, iliyotoka mwaka 2010, inawacheka vijana wa Uingereza wanaopanga kujilipua, tena inachekesha kweli, lakini haikuruhusu usahau kwamba wasio na hatia wanakufa. Kejeli ya ugaidi na vita inawezekana, na tunaihitaji. Sharti lake ni kuwa kali kwa wanaotoa amri na wanaobeba mabomu, na kutomfuta aliyeumia.

Siku hizi vijana wananionyesha kwenye simu picha za Khartoum, mji ule ule, ulioanza kuungua upya Aprili 2023. Mmoja husema, "Mzee, hizi ni za kutengeneza tu." Huenda moja ni ya kutengeneza; kompyuta zao ni kali kuliko ile iliyomtoa paka kwenye mfuko wa chipsi. Namwambia afanye kazi mbili, si moja. Amkague aliyeituma picha, anafaidika na nini. Kisha awatafute Wasudani waliokimbia, wapo hata hapa kwetu Afrika Mashariki, awaulize nani amekufa kwao. Akiifanya ya kwanza na kuiacha ya pili, atakuwa amewarahisishia kazi wauaji, na mama wa maandazi atakuwa amepigwa mara ya pili.