Mji kasoro bahari, sasa wapiga kalamu ya Kichina!

Wiki hii, msomaji wangu, tuko Morogoro, mji ambao wenyewe wanauita 'mji kasoro bahari'. Ukitoka Dar kwa treni ya umeme iliyoanza kubeba abiria Juni 2024, saa mbili haziishi uko Moro, na Milima ya Uluguru imekusimamia mbele kama ukuta. (Reli hiyo waliijenga Waturuki, usije ukabishana kijiweni ukasema Wachina.)

Wachina nao mkoani humu wana kazi zao. Reli ya TAZARA, waliyosaidia kuijenga kuanzia 1970 hadi 1975, inapita kule Kilombero. Dakawa kuna kituo cha kilimo kilichojengwa kwa msaada wao. Binti wa shangazi yangu kaviona vyote hivyo, kapiga hesabu zake, na sasa anasaka nafasi ya kwenda kusoma China.

Nilimkuta barazani, daftari la miraba mapajani. Nyuma yake kasimama mwalimu wake, kijana aliyesoma huko miaka kadhaa. Wala hakumwuliza kaandika nini. Swali lake lilikuwa moja tu: "Dada, umeanzia wapi?"

Hapo ndipo utamu ulipo, bwana. Herufi ya Kichina huichori unavyojisikia. Kila mstari una zamu yake na upande wake wa kuanzia. Juu kabla ya chini, kushoto kabla ya kulia. Wa kulala ukikatana na wa kusimama, kwa kawaida wa kulala hutangulia.

Hebu chukua peni tuandike 'mlima', wao wanasema shan. Anza na kilele cha katikati, mstari mrefu wa kusimama. Pili, shuka kushoto kwa mstari mfupi na, bila kuinua kalamu, kata kona uelekee kulia, upate sakafu. Tatu, malizia kwa mstari mfupi wa kulia. Mistari mitatu, si minne, maana kona haihesabiwi mara mbili. Niliinua macho nikakiona kilele cha Bondwa na minara yake ya mawasiliano, nikasema hawa jamaa hawakukosea.

'Mti' una mistari minne. Weka miwili ubavu kwa ubavu, umepata msitu. Weka mitatu, msitu umekuwa mnene, mistari 12! 'Nchi' ni kama boma: unajenga kuta, unaingiza vilivyomo, mstari wa chini unakuja mwisho. "Ingia ndani kwanza, ndiyo ufunge mlango," mwalimu alisema.

Nikamwuliza, kwani si mwisho wa yote inaonekana ile ile? Akacheka. Akaandika neno lile lile mbio mbio, mistari ikaungana kama uzi. Aliyefuata zamu, mwandiko wake ukikimbia bado unasomeka. Aliyeparamia, hata mwenyewe kesho hausomi. Kamusi nazo huhesabu mistari, kwa hiyo ukiigawa kona mara mbili utalitafuta neno mpaka jioni. China ilitoa kanuni rasmi mwaka 1997 kwa herufi 7,000. Wajapani, wanaotumia herufi hizo pia, baadhi yake wana zamu yao tofauti. Sisi na a, e, i, o, u zetu tushukuru.

Mara shangazi akaingia kutoka sokoni, ungo kichwani. Anauza njegere zinazoshuka kutoka milimani, na ada ya mwalimu inatoka humo humo. Akalitazama daftari.

"Mwanangu, hii michoro italeta unga?"

Binti kimya. Mtihani wa HSK ngazi ya tatu, wenye sehemu ya kuandika, ulikuwa umebaki mwezi mmoja. Mwalimu akamwamkia shikamoo, kisha akamwomba mama naye ajaribu 'mti'. Shangazi akashika peni, akaanzia chini, akapandisha juu.

"Hapana mama, tunaanza na tawi la kulala, halafu shina linashuka."

"Baba, wewe umepanda miti mingapi?" shangazi akauliza. "Mti huanzia kwenye mizizi."

Mwalimu hoi, binti kajifunika uso kwa daftari. Lakini shangazi akarudia, safari hii tawi kwanza. Akautazama mti wake, akafungua fundo la kanga, akahesabu ada ya wiki iliyofuata.