Jumamosi ya Mwalimu

Wako watu wanaodhani kuwa mwalimu hana kazi siku ya Jumamosi. Humwona Ijumaa jioni akifunga mlango wa darasa, humwona tena Jumatatu asubuhi akiufungua, na siku mbili zilizo katikati huzihesabu kuwa zawadi aliyopewa na Serikali. Sina ugomvi nao. Walakini ningependa mmoja wao afuatane nami Jumamosi moja tu hapa Voi.

Kazi ya kwanza ni maji. Mji wetu hutumia maji ya chemchemi za Mzima, yapitayo katika bomba liendalo Mombasa, na kwa kuwa mtaani kwetu huja kwa zamu, yafaa mtu aamke alfajiri akakinge mapipa yake kabla jua halijapanda. Baada ya maji huja mahindi ya kupeleka mashineni kusagwa, viatu vya watoto vya kushonwa, na mboga za kununua sokoni. Mboga hizo huteremshwa kutoka milima ya Taita, kwenye baridi na ukungu, hata zikifika kwetu katika joto na vumbi huwa zimechoka kama abiria. Fundi wa viatu, ambaye ni mwanafalsafa kama walivyo mafundi wengi wa viatu, alinichelewesha nusu saa nzima kwa maneno juu ya ubovu wa ngozi za siku hizi. Nilimsikiliza, kwa sababu viatu vilikuwa mikononi mwake.

Saa tano nilikuwa mezani pangu, na mbele yangu madaftari 46 ya insha. Wanafunzi walikuwa wametakiwa waandike habari za safari. Wengi walisafiri kwa methali: walianza na methali, wakala methali njiani, wakalala katika methali. Nilisahihisha ishirini na tisa kwa subira. La thelathini lilinifanya niweke kalamu chini.

Lilikuwa daftari la msichana mmoja aliyehamia kwetu muhula huu kutoka upande wa Ziwa. Alieleza jinsi alivyosafiri usiku kucha na mama yake, na jinsi mama alivyomshika mkono mpaka mkono ukafa ganzi, asithubutu kuuondoa. Hapakuwa na methali hata moja. Palikuwa na makosa: shamba aliliandika "samba", na shule akaiandika "sule". Nilifahamu sababu. Katika Kijaluo hakuna sauti ya "sh", na mtu huandika kama asikiavyo ulimi wake mwenyewe. Majuma matatu yaliyopita alisoma kwa sauti darasani, akalitamka neno hilo hilo la shule, na darasa likacheka. Niliwanyamazisha. Lakini tangu siku hiyo msichana yule hajafungua kinywa chake katika somo la Kiswahili, ila kuitika jina lake.

Sasa insha yake ilikuwa bora kuliko zote, nami nina desturi ya zamani ya kumwita mwandishi wa insha bora aisome mbele ya wenzake. Wanafunzi wanaijua desturi hiyo na kuingoja. Nikiiacha juma hili, wataulizana sababu. Nikiifuata, pengine nitampeleka mtoto penye kicheko kwa mara ya pili.

Nilitafakari jambo hilo kwa muda mrefu kuliko nilivyotafakari madaftari mengine yote. Mwaka 1928 palikuwa na mkutano Mombasa wa kuamua Kiswahili kipi kiwe cha shule na vitabu, na lahaja iliyochaguliwa ni ile ya Unguja. Angalia mzaha wa historia: wajumbe walikutana katika mji wa Kimvita, wakaipa heshima lahaja ya kisiwa kingine! Kwa hiyo mtoto wa Mombasa au wa Lamu aliyezaliwa nyumba ya Waswahili, aitaye macho "mato" kama walivyoita babu zake, naye hutiwa wino mwekundu. Sisemi kuwa usanifu haufai. Pasipo lugha moja ya vitabu tusingeweza kusoma pamoja, na mtihani haumwulizi mtu kwao ni wapi. Nasema tu kuwa wanaocheka hudhani wamesimama mahali pa juu, kumbe wamesimama mahali palipochaguliwa. Nilipiga mstari chini ya "samba", nikaandika alama 17 kati ya 20, nikaendelea na daftari la thelathini na moja.

Jioni ni zamu ya baba yangu. Ni mstaafu wa reli. Alianza kazi wakati reli ilikuwa moja katika Kenya, Uganda na Tanzania, kabla shirika lile halijavunjika mwaka 1977. Alitoka Nyanza akiwa kijana, akaletwa Voi, akabaki. Kiswahili chake ni chepesi na cha haraka, na hakina "sh" hata moja. Sitayaandika hapa matamshi yake, kwa maana karatasini huonekana kichekesho, na yeye si kichekesho.

Mzee hapendi vipindi vipya vya televisheni. Tangu mitambo ya zamani ilipozimwa mwaka 2015 na kila nyumba ikahitaji king'amuzi, ana stesheni nyingi kuliko awezavyo kuzihesabu, naye huzilaumu zote sawasawa. Apendacho ni "Vitimbi", mchezo wa kuchekesha ambao Shirika la Utangazaji la Kenya lilikuwa likiuonyesha zamani, na Mzee Ojwang na Mama Kayai wakigombana humo. Mpwa wangu alimtafutia baadhi ya michezo hiyo, nasi huitazama kila Jumamosi baada ya chakula. Ojwang husema Kiswahili kama baba asemavyo, na baba hucheka mpaka akaivua miwani.

Usiku huo nilimwuliza, "Baba, wajua kuwa Ojwang hakuwa Mjaluo? Jina lake Benson Wanjau, Mkikuyu. Alifariki mwaka 2015."

Akanitazama kama mtu aliyeambiwa kuwa jirani yake wa miaka mingi ni mgeni. Akatazama televisheni tena, akasikiliza.

"Basi huyo alikaa na watu wetu sana," akasema. "Huwezi kumjua mtu hivyo bila kumsikiliza."

Nikamweleza habari za msichana wangu. Hakunipa shauri, si desturi yake. Alinisimulia kuwa kundi lao la kutengeneza njia ya reli lilikuwa na Wataita, Wakamba, Wajaluo, Waluhya na Wagiriama, na kila mmoja alikuwa na Kiswahili chake. Mtu mmoja aliwekwa mbali aangalie gari moshi, na alipoliona alipaza sauti kwa matamshi ya kwao.

"Nanyi hamkucheka?" nikauliza.

"Tulicheka, Mwalimu. Lakini tulicheka tukiwa tumekwisha toka relini."

Nikaliwaza daftari lile lililokuwa juu ya meza. Jumatatu nitamwita msichana faraghani kabla ya kengele, nimwonyeshe alama zake, nimwulize kama yuko tayari kusoma. Akikataa, nitaisoma mimi, na jina lake nitalitaja. Akikubali, nitawaambia wenzake habari za mtu wa kuangalia gari moshi kabla hajaanza. Sijui atajibu nini.

"Rudisha nyuma kidogo," baba akaniambia, akivaa miwani yake. "Umenipotezea maneno ya Mama Kayai."

Nikarudisha.