Misumari ya Ilimba

Wengi waliijua ilimba, ala ya muziki ya Wagogo yenye ndimi za chuma, kupitia Hukwe Zawose, Mgogo wa Doduma aliyezaliwa 1938 akaifikisha kwenye majukwaa ya Ulaya. Mimi niliijulia Bahi, miaka michache baada ya Operesheni Dodoma ya 1971 iliyowahamishia watu katika vijiji vya ujamaa, kwa mzee jirani tuliyemwita Babu. Ubao aliuchonga haraka. Kazi ilikuwa kwenye ndimi, alizozifua kwa misumari minene.

Mimi navukuta, msumari unaiva makaani, yeye anaukamata kwa koleo na kuugonga juu ya kipande cha reli. Ulitandazika bila kupasuka. Kisha aliendelea kuugonga umepoa, akiinamisha sikio. Mlio ulipobadilika alisema, “Rudisha motoni, mjukuu wangu, utakatika.” Nilipogonga bonge la chumvi ya kwetu likasambaratika, akaniambia, “Chumvi haifuliki.”

Sababu yake niliipata sekondari. Ndani ya chuma, atomi zimeziachia elektroni zao za nje ziwe mali ya wote. Ayoni chanya zimepangana safu kwa safu, na elektroni hizo zinazotembea huru ndizo zinazozishikanisha. Safu ikiteleza juu ya nyingine, mshikamano unabaki. Katika chumvi, ayoni chanya na hasi zimepishana. Safu ikisogea kidogo tu, chanya hukabili chanya, hasi hukabili hasi, zikafukuzana. Elektroni huru ndizo pia zinazopitisha umeme na joto, kwa hiyo koleo halikuwa la mapambo.

Kitabu chetu kiliishia hapo, na kwangu kiliacha jambo lililo bora kuliko yote: kwa nini msumari uliofuliwa baridi huwa mgumu? Miaka mingi baadaye nilielewa kwamba safu haitelezi yote kwa mkupuo. Huteleza kupitia kasoro ndogondogo za mpangilio wa atomi. Kila pigo huzaa kasoro nyingine, mpaka zinazibiana njia. Moto huzipunguza, chuma kikalainika tena. Ulimi ulio laini, kidole gumba kikiubonyeza, hupinda ukabaki hivyo. Uliofuliwa kupita kiasi hukatika. Kati ya hali hizo mbili pana nafasi nyembamba, na Babu aliitambua kwa sikio.

Ndimi zikiwa tayari alizibana ubaoni, akazilinganisha: akiuvuta ulimi nje sauti inashuka, akiusukuma ndani inapanda. Mwisho alibandika utando wa buibui kwenye tundu, ili ilimba ipate ule mvumo wake wa Kigogo.