Unafikia Wapi?

Swali hilo niliulizwa ndani ya boti, katikati ya bahari, na mama mmoja wa Unguja aliyekaa kiti cha pembeni yangu. Tulikuwa tumekwisha salimiana, mimi kwa "jambo, mama" ya kwetu Lubumbashi, yeye kwa tabasamu la mtu aliyesikia salamu ya watalii ikitoka katika kinywa asichokitarajia. Kisha akaniuliza, "Unafikia wapi, mwanangu?" Nikajibu bila kusita, "Nafika Unguja, mama." Akacheka. "Unguja sote tunafika. Nakuuliza unafikia wapi. Utalala kwa nani?"

Miaka minne nimekaa kwenye mabenchi ya kitivo chetu nikinyambua vitenzi. Naweza kueleza ubaoni jinsi fika inavyozaa fikia, fikisha na fikishwa. Lakini sikujua kwamba huko pwani, kitenzi hicho kikiongezewa kiambishi kidogo tu, kinabeba ndani yake godoro, chandalua na mwenyeji. Aibu hiyo naileta hapa kwa sababu swali la yule mama ndilo lililokuwa limenihangaisha wiki tatu kabla ya kuondoka nyumbani, ila sikuwa na neno lake.

Kazi yangu ya kumaliza masomo inahusu Maisha ya Hamed bin Muhammed el Murjebi, yaani Tippu Tip, kitabu ambacho mwenyewe alisimulia maisha yake kwa Kiswahili na Mjerumani Heinrich Brode akakichapisha mwanzoni mwa karne ya 20. Wasomaji wa jarida hili wanamjua mtu huyo. Ni mfanyabiashara wa Unguja aliyeweka makao yake Kasongo, kule Maniema, na ambaye mwaka 1887 Mfalme Leopold II alimfanya liwali wa Stanley Falls, ndiyo Kisangani ya leo. Msimamizi wangu aliniambia kwamba siwezi kuandika kurasa themanini juu ya safari za mtu bila kuona hata mara moja mji alikotoka, na ambako alikufa mwaka 1905. Pesa zilitoka katika likelemba yetu ya wanafunzi sita. Zamu yangu ilipofika nilikuwa na nauli ya basi kupitia Kasumbalesa na Zambia hadi Dar es Salaam, nauli ya boti, na dola 30 za kulala kwa kila usiku, kwa siku nne.

Basi nikaanza kutafuta chumba. Nilidhani ni kazi ya jioni moja.

Ramani ya Mji wa Zanzibar ilinipa sehemu tatu. Ya kwanza ni Shangani, upande wa bahari, kwenye majumba ya wafanyabiashara wakubwa na makonsuli wa zamani. Mengi yamekuwa hoteli, yenye vitanda vya kizamani vilivyochongwa na bei ambazo likelemba yetu isingezifikia hata kama wote sita tungenipa zamu zao. Lakini nilipata chumba kimoja kidogo cha dola 30, hatua chache tu kutoka nyumba aliyokaa Tippu Tip mwenyewe. Tangazo lilisema mgeni atalala kama sultani. Sehemu ya pili ni Mkunazini, kando ya Kanisa Kuu la Kianglikana, lililojengwa mahali palipokuwa soko la watumwa. Huko kuna vyumba vya kawaida, safi, vya bei yangu. Sehemu ya tatu ni Ng'ambo, upande wa pili wa barabara ambayo zamani ilikuwa mkono wa bahari. Mji Mkongwe ulikuwa wa mawe. Ng'ambo ilikuwa ya udongo na makuti, walikoishi maskini, watumwa walioachwa huru na watu waliotoka bara. Kwenye intaneti karibu sikuona chumba hata kimoja cha huko. Wenzangu waliniambia ni kwa sababu hakuna cha kuona.

Nilikwenda kwa Kambo kumuaga. (Kwa wasomaji wasio wa Katanga: kambo kwetu ni bibi, mzaa mama au mzaa baba. Unguja nilipomtaja "kambo wangu", walinipa pole wakidhani nazungumzia mama wa kambo.) Kambo alizaliwa Kasongo, katika nyumba ya Waislamu, watu waliojiita wangwana. Nilimwonyesha picha ya kile chumba cha Shangani kwenye simu, nikamweleza kiko jirani na nyumba ya nani. Akairudisha simu bila kuitazama mara ya pili.

"Usilale mu nyumba ya ule muntu," akasema.

"Si nyumba yake, Kambo. Ni ya jirani."

"Balituletea muchele, balituletea luga, kisha balibeba bantu betu. Wee unaenda kulala kwao na kulipa?"

Sikuwa na jibu, maana katika maneno yale kulikuwa na kitu ambacho vitabu vyangu vilikieleza kwa kurasa nyingi bila kunigusa. Mpunga wa Kasongo uliletwa kweli na misafara ile. Lugha ninayoisomea shahada ilipanda bara kwa njia hiyohiyo, pamoja na bunduki, na ikateremka pamoja na pembe za ndovu na watu waliozibeba. Tena wazee wa Kambo hawakuwa upande mmoja tu. Wangwana wa Kasongo walikula na wafanyabiashara wale, wakaoa kwao, wakavaa kanzu zao. Nani katika ukoo wetu alifungwa kamba, na nani aliishika? Kambo hasemi. Pengine naye hakuambiwa.

Nikachagua Mkunazini. Nilijiambia kwamba huko ndiko nitakuwa upande wa waliouzwa.

Chumba kilikuwa kizuri. Kilikuwa chembamba, lakini nilikwisha soma sababu yake: nyumba za kale za pwani zilijengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa, na dari zikashikwa na boriti za mikoko, chumba hakiwezi kupita urefu wa boriti, karibu mita tatu. Wajenzi wa baadaye wameufuata mtindo huo, na picha za kwenye simu huuficha vizuri. Haya ndiyo mambo anayopaswa kuuliza mgeni wa mara ya kwanza: chumba kiko ghorofa ya ngapi, maana ngazi ni za kusimama wima, dirisha linatazama wapi, maana joto la usiku halina huruma, na gari linaishia wapi, maana vichochoro vya Mji Mkongwe havipitishi gari, na begi utalibeba kichwani kama nilivyolibeba langu.

Asubuhi niliamshwa na adhana, misikiti ikifuatana mmoja baada ya mwingine, kisha nikashuka kwenda kulitazama kanisa. Soko lilifungwa mwaka 1873, na mwaka huohuo ujenzi ukaanza. Aliyeusimamia ni Askofu Edward Steere, yuleyule tunayemkuta katika somo la historia ya isimu, aliyetoa kitabu chake cha sarufi ya Kiswahili mwaka 1870. Amezikwa humo, nyuma ya altare. Nje kuna shimo lenye sanamu za watu waliofungwa minyororo shingoni, kazi ya msanii wa Uswidi Clara Sörnäs ya mwaka 1998. Nilisimama pale muda mrefu. Zile nyuso hazikunitazama.

Kisha kiongozi wa watalii akatupeleka chini ya jengo kutuonyesha vyumba viwili vya giza, dari chini sana, ambamo alisema watumwa walirundikwa kabla ya kuuzwa. Wazungu wawili walilia. Mimi niliguswa pia, mpaka usiku nilipofungua madaftari yangu. Wako wanahistoria wanaosema jengo lile lilijengwa na wamisionari baada ya soko kufungwa, na vyumba vile vilikuwa stoo tu. Sikuweza kulala. Si kwa sababu ya waliofungwa chini, bali kwa sababu nilikuwa nimelipia usiku mbili ili niwe karibu na maumivu, na sasa sikujua kama niko juu ya jela au juu ya stoo. Soko lilikuwepo, hilo halina ubishi. Watu waliuzwa kwenye udongo ule. Lakini wengi wao walitoka upande wa Ziwa Nyasa kupitia Kilwa. Wa Maniema wengi waliishia njiani, Ujiji na Tabora, katika mashamba na misafara. Wafu niliokuwa nawalilia walikuwa zaidi wa watu wengine.

Siku ya tatu nilimpigia simu yule mama wa kwenye boti. Alikuwa ameniandikia namba yake kwenye tiketi yangu. "Sasa ndiyo unaniuliza," akasema. Akanipeleka Ng'ambo, kwenye gesti ya jirani yake: chumba cha sakafu ya saruji, feni, chandalua chenye kiraka, na dirisha linalotazama uani ambako wanawake walikuwa wanachambua mchele. Bei ilikuwa chini ya nusu ya ile ya mjini.

Pale nilifanya kazi ya utafiti kuliko siku zote nyingine. Nilifundishwa kusema "shikamoo" na wakati wa kuisema. Watoto walinisahihisha upatanisho wa majina bila huruma, nami nikakumbuka kwamba sanifu tunayoifundisha ilijengwa juu ya Kiunguja, na kamati iliyoundwa mwaka 1930 haikuwauliza watu wa Kasongo wala wa Lubumbashi. Jioni mzee mmoja aliyekuwa amekaa barazani aliniuliza kwetu wapi. Nikasema Kongo, Kasongo. Akanyamaza kidogo. "Babu yangu mzaa mama walikuwa wakimwita Mmanyema," akasema. "Hakupenda. Alisema yeye ni mtu wa hapahapa." Nikamuuliza alikujaje Unguja. "Hakusema." Akavuta kanzu yake, akanionyesha nafasi nikae.

Tulikaa hivyo, wawili ambao wazee wao hawakusema, tukila mihogo ya kukaanga.

Asubuhi ya mwisho nilikwenda Shangani, nikasimama mbele ya mlango wa nakshi wa nyumba ya Tippu Tip. Sikugonga. Nilikuwa na maandishi yake mkobani, nakala yenye mistari yangu ya kalamu nyekundu, na nilijua kwamba nikirudi nitapaswa kuandika upya sura ya pili, ile niliyogawa watu wa Maniema katika mafungu mawili safi: wafanyabiashara na wahanga wao.

Marafiki wa kitivo sasa wananiuliza ushauri, kwa sababu wawili wanajiandaa kwenda Bagamoyo na mmoja Mombasa. Nawaambia hivi: hakikisheni usiku wa kwanza kabla ya kuondoka, maana kufika usiku na begi bila chumba ni shida halisi, lakini msilipie siku zote katika nyumba moja. Acheni usiku mmoja au mbili wazi, kwa ajili ya swali ambalo mtu wa pale atawauliza. Ukikaa kwenye jumba la kitajiri utaoneshwa mji kama tajiri alivyopenda uonekane, na ukikaa kwenye kaburi utaoneshwa kaburi. Uani mwa watu utaona wajukuu wanavyoishi na yote mawili.

Niliporudi, Kambo hakuniuliza juu ya sanamu wala kanisa. Aliniuliza, "Ulilala wapi?"

Nikamwambia: usiku mbili kanisani, usiku mbili kwa watu.

"Kwa watu gani?"

Nikamweleza habari za yule mzee wa barazani. Alisikiliza mpaka mwisho, mikono ikiwa ndani ya sinia la mchele. Kisha akaniuliza jina la babu yake lilikuwa nani. Sikuwa nimeuliza. Kambo akatikisa kichwa, akasema nimpigie simu yule mama, nimuulize. Nimekwisha piga mara mbili. Bado tunangoja jibu.